Maziwa na vilima vya Ayalandi na familia nzima: mwongozo wa siku sita

Kila mwaka ikifika mwezi wa pili simu yangu huanza kuita. Shemeji yuko Leicester na watoto watatu. Binamu anatoka Mombasa. Rafiki niliyesoma naye Tanga anataka kumleta mama yake kabla magoti hayajamkataza. Maswali yao ni yale yale: viza ya Uingereza inatosha? Mvua haitatuharibia safari? Bibi ataweza kutembea? Nikodi gari au nipande treni? Ujumbe wa sauti husikilizwa mara moja ukapotea, kwa hiyo nimeandika kila kitu hapa kwa utaratibu ule ule ninaoufuata ninapowapeleka wageni wangu.

Mpango ni wa siku sita, kwa familia yenye mtoto mdogo na mzee mmoja. Neno langu kubwa nalisema mapema: pangeni safari kwa miguu ya yule anayetembea taratibu kuliko wote. Wengi huja na orodha ya nchi nzima, Dublin, Galway, Belfast na Kerry kwa siku nne, na mwisho maziwa yote wameyaonea dirishani mwa gari, watoto wamelala nyuma. Mimi nakupa sehemu mbili tu. Siku moja Glendalough, karibu na Dublin, kisha siku zinazobaki mjini Killarney, kusini magharibi, ambako maziwa matatu yamepangana ndani ya hifadhi moja.

Kabla ya kuanza, hakikisha una hivi

- Pasipoti, na viza ya Ayalandi kwa kila anayeihitaji, mtoto mchanga akiwemo.
- Koti la mvua lenye kofia kwa kila mmoja. Mwavuli uache nyumbani. Upepo wa kule utaupindua dakika ya kwanza.
- Viatu vya kutembelea vyenye soli ya meno, ambavyo umeshavivaa angalau wiki mbili. Kiatu kipya kitakuchubua kisigino siku ya kwanza, na safari yako imeishia hapo.
- Soksi za sufu, jozi mbili kwa siku kwa kila mtoto.
- Sweta nyepesi mbili badala ya moja nzito, ili muweze kuvaa na kuvua mkiwa njiani.
- Chupa ya chai inayohifadhi moto, na chakula cha mkononi.
- Kibano kidogo cha kutolea kupe, plasta, na dawa za mzee wa familia za siku zote pamoja na mbili za ziada.
- Kibebeo cha mgongoni kwa mtoto chini ya miaka mitatu. Kigari cha magurudumu kinafaa baadhi ya njia tu.
- Kadi ya mkopo yenye jina la dereva, kama mtakodi gari.

Chaja zako njoo nazo kama zilivyo. Soketi za Ayalandi ni za matundu matatu bapa, kama za Kenya, Uganda na Tanzania.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mei na Juni ndiyo miezi ninayoipenda. Mchana ni mrefu ajabu: katikati ya Juni, Killarney jua linachomoza kama saa kumi na moja na robo alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku. Kwa wanaoswali, Magharibi inaingia saa hiyo ya nne na Isha inachelewa sana, kwa hiyo pangeni usingizi wa watoto mapema kabla hamjafika. Septemba nayo ni nzuri na watu wamepungua. Julai na Agosti shule zimefungwa, vyumba vinapanda bei na maegesho yanajaa asubuhi. Desemba jua linazama mnamo saa kumi na robo alasiri. Kwa safari ya kutembea na watoto sikushauri.

Hata Juni usitarajie joto. Nyuzi 15 hadi 20 wenyeji wanaiita siku njema, na mvua inaweza kunyesha siku yoyote ya mwaka.

Hatua ya 2: Shughulikia viza, tena mapema

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Ayalandi iko katika Umoja wa Ulaya lakini haimo katika Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo anahitaji viza ya Ayalandi yenyewe, hata kama anaishi Uingereza kwa kibali cha miaka mingi, na hata kama ana viza ya Schengen mkononi. Wanaoingia bila viza kutoka Uingereza ni wenye uraia wa huko. Katika familia moja baba anaweza kuhitaji viza na watoto wake wasihitaji, kwa hiyo soma pasipoti moja moja.

Viza ya matembezi ni ya hadi siku 90. Ombi linajazwa mtandaoni, na unaweza kulituma kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Ada ya kawaida ni euro 60 kwa kuingia mara moja na euro 100 kwa kuingia mara nyingi. Mtoto wa chini ya miaka 18 anahitaji barua ya ridhaa ya wazazi. Akisafiri na mzazi mmoja au na shangazi, barua hiyo iwe kwenye begi la mkononi, isizikwe ndani ya sanduku.

Angalizo: Belfast na Ayalandi ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Barabarani hutaona kizuizi wala askari wa mpakani, lakini sheria ya viza ya Uingereza inakuhusu. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka kwenda huko, viza yake haimruhusu kurudi kusini.

Hatua ya 3: Panga malazi mahali pamoja

Lala Dublin usiku mmoja au miwili, kisha chukua nyumba ya kujipikia Killarney kwa siku zote zilizobaki. Kuhamahama kila usiku na masanduku kunawachosha wazee kuliko kupanda kilima. Na jiko litakuokoa: chakula cha mikahawani ni ghali, na ukiwa Mwislamu nyama ya halali vijijini ni adimu. Nunua nyama na kuku Dublin, gandisha, weka kwenye kibaridi cha safari. Viungo vya pilau na unga wa ugali njoo navyo kutoka nyumbani. Nyama, maziwa na samli ukitokea nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi, vitachukuliwa forodhani. Samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa wa bibi wako salama.

Mkila nje, muulize mhudumu kabla ya kuagiza. Supu nzito ya samaki, ambayo kila mgahawa wa pwani unajivunia, mara nyingine hupikwa na vipande vya nyama ya nguruwe, na soseji nyeusi ya kifungua kinywa ni damu ya nguruwe. Supu ya mboga na mkate wa kahawia wa magadi ndicho chakula tulichokitegemea sisi, na watoto walikizoea kuliko nilivyotarajia.

Hatua ya 4: Amua gari au treni

Treni inatoka stesheni ya Heuston, Dublin, hadi Killarney kwa muda wa saa tatu na robo hivi, mara nyingi kwa kubadilisha Mallow. Familia ya watu wawili watatu inaweza kumaliza safari yote kwa treni, baiskeli za kukodi na magari ya farasi. Wakiwa wanne au zaidi, na mmoja wao ni mzee, kodi gari.

Aliyezoea kuendesha Nairobi, Kampala au Dar atajisikia nyumbani, kwani wanaendesha kushoto. Aliyezoea Kigali, Bujumbura au Bukavu asianze kujifunza upande wa kushoto akiwa na familia nzima ndani ya gari. Aende kwanza nusu saa peke yake kwenye barabara tulivu. Kwenye kipilefti mpishe anayetoka kulia kwako.

Mambo ya kuuliza kabla hujalipia gari: Je, ni la otomatiki? Haya ni machache na hukodishwa mapema. Je, viti vya watoto vipo? Kisheria mtoto aliye chini ya sentimita 150 au chini ya kilo 36 lazima akae kwenye kiti au kiinulio kinachomfaa. Na je, ushuru wa barabara ya M50 inayozunguka Dublin unalipwaje? Barabara ile haina kibanda cha kulipia. Kamera inapiga picha namba ya gari, na malipo lazima yafanyike kabla ya saa mbili usiku ya siku inayofuata. Baadhi ya wakodishaji wanalipa wao na kukukata baadaye. Hakikisha, ama faini itakufuata hadi nyumbani.

Mwendo unapimwa kwa kilomita: 120 kwenye barabara kuu za njia nyingi, 100 kwenye barabara za kitaifa, 50 mijini. Tangu Februari 2025 barabara ndogo za vijijini ni 60, na kwa jinsi zilivyo nyembamba, kuta za mawe huku na huku, hata hiyo 60 mara nyingi ni kubwa.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza ya kutembea, Glendalough

Jina hili kwa Kiayalandi ni Gleann Dá Loch, bonde la maziwa mawili. Liko katika milima ya Wicklow, kama kilomita 50 kusini mwa Dublin, mwendo wa saa moja. Mimi nalitumia kama siku ya majaribio. Hapa utajua nani kiatu kinambana, nani anachoka baada ya nusu saa, na koti la nani linavuja, ukiwa bado karibu na maduka ya mjini.

Ondokeni asubuhi. Wikiendi ya jua, maegesho ya ziwa la juu yanajaa mapema sana. Anzieni kwenye magofu ya watawa: makanisa ya mawe, makaburi, na mnara wa mviringo wenye urefu wa mita 30 hivi. Mahali hapa palianzishwa na mtawa Kevin katika karne ya 6. Waambie watoto hadithi yake mkiwa pale pale. Wanasema alikuwa akisali mkono umenyooka nje ya dirisha, ndege akaja akatua kiganjani, akajenga kiota, akataga. Kevin hakuushusha mkono mpaka makinda yakaruka. Binti yangu wa miaka mitano alisimama chini ya mnara amenyoosha mkono, kiganja juu, mvua ya rasharasha ikimwangukia, na hakukubali kuondoka mpaka shomoro mmoja aliyekuwa ukutani alipoondoka kwanza.

Kutoka hapo fuateni mishale ya kijani. Njia ni tambarare, mzunguko wa kilomita 3 hivi, inapita kando ya ziwa la chini hadi la juu, na kigari cha mtoto kinapita bila taabu. Mkiwa na nguvu, ongezeni njia ya wachimba madini kando ya ziwa la juu, hadi magofu ya kijiji walikochimba madini ya risasi (lead) zamani. Huko kuna mbuzi wa mwituni, wachezao juu ya mawe.

Kosa la kawaida: kuwapandisha watoto Spinc, ile njia ya mishale myeupe, kwa sababu ya picha nzuri zilizopigwa juu kule. Ni zaidi ya kilomita 9, ina ngazi za mbao zaidi ya 600, na upande mmoja ni genge. Kijana wa miaka 12 anayependa kutembea ataiweza. Mtoto wa miaka sita mtambeba.

Hatua ya 6: Kwenda Killarney

Ni kama kilomita 300 kutoka Dublin. Piga hesabu ya saa nne barabarani, na moja ya kupumzika. Mkipita Limerick, simameni Adare kunyoosha miguu. Kuna nyumba ndogo zilizoezekwa kwa nyasi, na mama yangu alizizunguka moja moja akikagua jinsi nyasi zilivyofungwa. Mkifika, nunueni chakula, laleni. Siku hii msipange jambo lingine.

Hatua ya 7: Muckross na maporomoko ya Torc

Hifadhi ya Taifa ya Killarney ndiyo ya kwanza nchini. Ilianzia na shamba la Muckross lililotolewa kwa taifa mwaka 1932. Ina zaidi ya hekta 10,000 na kuingia ni bure. Maziwa yake matatu ni Lough Leane, ambalo ndilo kubwa, Muckross na lile la Juu. Neno Lough maana yake ziwa, na mwisho wake hutamkwa kama *kh* ya Sheikh. Msomaji wa Kiswahili hapa amemtangulia Mwingereza.

Egesha gari kwenye jumba la Muckross, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1843. Kutoka hapo, kwa miguu kama dakika ishirini, nendeni kwanza kwenye gofu la watawa wa Mtakatifu Fransisko, lililoanzishwa mwaka 1448. Ingieni hadi ua wa katikati. Kuna mti mmoja wa jamii ya yew, mzee sana, shina limejisokota kama kamba ya jahazi, matawi yamejaza ua mzima mpaka mwanga unafika chini ukiwa kijani. Mama aliweka viganja vyote viwili juu ya gome akanyamaza. Baadaye akaniambia tu, "Huu umewaona watu." Msiipite sehemu hii haraka.

Rudini jumbani mnywe chai, kisha fuateni njia ya kuelekea Torc, kama kilomita mbili na nusu, ndani ya msitu wa mialoni yenye kuvu na kangaga hadi kwenye matawi. Maporomoko yana urefu wa mita 20 hivi. Asiyeweza mwendo huo apelekwe kwa gari: kuna maegesho kando ya barabara, na kutoka hapo ni mita mia mbili tu. Ngazi zinazoendelea juu ya maporomoko ni kali na mawe yana utelezi. Bibi na mtoto wabaki chini. Aende mtu mmoja, apige picha, arudi.

Mtakutana na kulungu wekundu, hasa jioni. Kaeni mbali nao, na mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba zaidi, kwani ndiyo wakati madume yanapopigania majike. Inueni macho pia: tai wenye mkia mweupe walirudishwa hapa kuanzia mwaka 2007, wakiletwa kutoka Norway, baada ya kutoweka nchini. Ni ndugu wa tai wetu mla samaki, na ukimwona mmoja juu ya Lough Leane utadhani uko Naivasha.

Msiwashe moto wala jiko la mkaa mahali popote hifadhini. Aprili 2021 moto uliteketeza eneo kubwa sana la hifadhi hii.

Hatua ya 8: Boti na Gap of Dunloe

Hii ndiyo siku kubwa, na inahitaji kukatiwa tiketi mapema. Gap of Dunloe ni mlango mwembamba kati ya milima, Purple Mountain upande mmoja na safu ya MacGillycuddy's Reeks upande mwingine, na chini yake maziwa madogo matano yameshikana kama shanga. Njia ina kilomita 11 hivi, kutoka Kate Kearney's Cottage hadi Lord Brandon's Cottage.

1. Kateni tiketi ya boti siku moja au mbili kabla, mjini Killarney. Ulizeni kabisa boti inaondoka saa ngapi upande wa pili.
2. Asubuhi mpelekwe na basi dogo hadi Kate Kearney's Cottage. Gari lako liache mjini: barabara ya ndani ni nyembamba, imejaa farasi na watembeaji.
3. Wagawe watu. Wenye nguvu watembee. Bibi na mtoto wapande gari la farasi, ambalo mwendeshaji wake huitwa *jarvey*. Patana naye bei na mahali pa mwisho kabla hamjapanda, na uliza kama bei ni ya mtu au ya gari zima.
4. Tembeeni bila kusimama sana nusu ya kwanza. Ndiko kwenye mlima. Chai inyweni juu kabisa, kisha mteremke.
5. Lord Brandon's Cottage pandeni boti. Vaa jaketi la kuokolea, hata wewe unayejua kuogelea. Boti inapita ziwa la Juu, inapita chini ya daraja la kale la mawe la Old Weir, ambapo maji yakipungua abiria huweza kuombwa washuke watembee kidogo, kisha ziwa la Muckross, na mwisho Lough Leane hadi ngome ya Ross ya karne ya 15.

Mtu asiyetaka kutembea kabisa anaweza kukaa Ross na kuwapokea. Hata kukaa tu pale gatini, kuangalia visiwa, kunatosha kwa siku.

Nalisisitiza suala la saa kwa sababu lilishatukuta. Niliandika kwenye kundi la familia, "Tukutane gatini saa 11." Vijana waliokulia Ulaya walifika saa tano asubuhi. Mjomba, aliyekuwa ametoka Tanga juzi yake, aliisoma kama saa kumi na moja, akaenda zake kutembea mjini akijua ana siku nzima. Boti iliondoka bila yeye. Siku hizi naandika "saa tano asubuhi (11:00)" kila mara, hata kama wote wanaelewa.

Hatua ya 9: Siku ya kupumzisha miguu

Wengi huitumia siku hii kuzunguka Ring of Kerry yote, barabara ya mzunguko yenye kilomita 179. Kwa watoto wadogo hayo ni mateso ya kukaa ndani ya gari. Pandeni tu barabara ya N71 hadi Ladies View, mtazame ziwa la Juu kutoka juu, msogee mpaka Moll's Gap, mrudi. Jina Ladies View linatokana na wanawake walioandamana na Malkia Victoria alipotembelea mwaka 1861 na kuvutiwa na mandhari hiyo. Mkiamua kuizunguka Ring yote, jueni mabasi makubwa huanzia upande wa Killorglin. Mtakwenda nyuma yao kwa subira, ama mtakutana nayo uso kwa uso kwenye kona.

Matatizo yanayojitokeza, na la kufanya

*Mvua imeanza tukiwa katikati ya njia.* Endeleeni, kama hakuna upepo mkali. Mara nyingi hupita baada ya nusu saa. Kabla ya kutoka kila asubuhi angalieni utabiri wa Met Éireann: tahadhari ya njano, tembeeni chini bondeni tu, ya rangi ya chungwa au nyekundu, bakini ndani. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki na inanyonya joto la mwili. Mtoto akianza kutetemeka, mvue vilivyolowa, mvike vikavu, mpe kitu cha moto, mrudi.

*Mguu umezama.* Kando ya njia kuna udongo mweusi wa mboji, ule ambao wenyeji huukata vipande na kuuchoma kama kuni. Kwa juu unaonekana majani tu. Kijana wangu aliruka kumfuata kondoo akazama hadi gotini, na kiatu kilibaki kule. Tuliingiza mkono hadi bega kukitoa. Msiache njia.

*Kupe.* Wako kwenye nyasi ndefu na vichaka vya kangaga. Kila jioni kagueni watoto nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja juu taratibu. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Katika wiki zinazofuata, alama nyekundu ikitanuka kama pete, au homa ikija, nenda kwa daktari na umwambie aliumwa na kupe. Huenda ni ugonjwa wa Lyme.

*Usubi.* Jioni tulivu za kiangazi, kando ya maji, wanatoka kwa makundi. Hawawezi upepo. Hamieni mahali palipo wazi, vaeni mikono mirefu.

*Tumekutana na gari kwenye barabara ya gari moja.* Aliye karibu na upenyo ndiye anayerudi nyuma. Inua kidole kushukuru. Wenyeji wote hufanya hivyo.

*Mtu amekosea choo.* Milango mingine ina maandishi ya Kiayalandi tu. *Mná* ni wanawake na *Fir* ni wanaume. Macho yanasoma "Mná" kama "Men" ya Kiingereza, na wanaume wengi huingia kusikowahusu. Wafundishe watoto kabla ya safari.

*Lango limefungwa njiani.* Sehemu kubwa ya vijiji ni mashamba ya watu. Ulilikuta limefungwa, lifunge. Ulilikuta wazi, liache wazi. Palipoandikwa hapana ruhusa, geuka.

*Tumepotea au mtu ameumia.* Piga 112 au 999 na uombe uokoaji wa milimani. Kaeni pamoja, msigawanyike kutafuta njia. Mtandao hukatika mabondeni, kwa hiyo pakua ramani asubuhi, na mwambie mwenye nyumba mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

*Vijana wanataka kupanda Carrauntoohil.* Ndio mlima mrefu kuliko yote nchini, mita 1,038, na kila mwaka waokoaji huitwa huko. Siyo wa safari hii. Wapelekeni Torc Mountain, mita 535, yenye njia ya mbao karibu hadi kileleni, na ziwa la Muckross likionekana lote chini.

*Bibi anasema baridi imemzidi, hatoki.* Usimlazimishe asubuhi. Mpe chai ya tangawizi, msubiri mpaka saa sita jua likichangamka, kisha mpeleke Muckross mpande gari la farasi la kuzunguka ziwani. Mwombe mwendeshaji blanketi kabla hamjaanza. Kwa kawaida wanalo chini ya kiti. Mketishe bibi upande ambao mwili wako unamkinga na upepo wa ziwani, chupa ya chai mapajani mwake. Mama yangu, siku aliyokataa kutoka, ndiye alikuwa wa mwisho kushuka, kwa sababu alitaka kwanza kumshukuru farasi.